Nondo wa Puta

Nchelenge, 24 Aprili 1956

Yaya Rosaria,

Sikufika Puta.

Ninaandika neno hilo kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitapata muda wa kuogopa, na barua itageuka kuwa habari za afya. Makopo sita ya viwavi uliyoyapokea kutoka mashua juma lililopita na kuyaweka juu ya meza ya Madamu, yote yana karatasi zilizoandikwa Puta. Mwandiko ni wangu. Habari ni ya uwongo. Sijamwambia mutu mwingine yeyote, hata Mama.

Wewe, dada yangu wa mama mukubwa, uliyenitafutia kazi hii ya kumukusanyia Madamu viwavi, unawaona nondo wakiwa wamekwisha kukauka juu ya sindano, safi kama nguo ulizozipiga pasi. Hujaona wanakotoka. Ukipasua bua la tete lililo na tundu dogo ubavuni, unakuta ndani pamejaa kitu kama tumbako iliyotafunwa na kutemwa, bado ina maji, inanuka uvundo. Ni mavi yake. Katikati amelala kiwavi mwenyewe, hana nywele, rangi yake kama ufizi wa mutu. Ukimgusa anajikunja polepole na kukutapikia maji ya kijani kidoleni. Tangu nilipomaliza shule mwezi wa kumi na mbili ninawatoa hao kwa kidole kila siku. Ninanawa kwa majivu mara tatu, na bado nikimega tonge la bukari ninafumba macho. Mama aliposikia kwamba Wazungu wanawaita nondo hawa jamaa ya bundi, alisema makopo yasilale tena ndani ya nyumba.

Nilivumilia kwa ajili ya shule ya wakunga huko Elisabethville. Madamu ameahidi kuniandikia barua kwa Masista wa shule hiyo, na bila barua ya muzungu hawapokei binti wa upande huu wa ziwa. Kisha mwezi wa tatu akaandika kwamba Kilwa kwenu na Nchelenge kwetu nondo anaowataka ni wachache, sasa anataka kujua kama jamaa hii inaishi pia kaskazini, Puta. Niende siku tisa, nilete makopo sita, ndipo barua ya shule.

Bayama Fanwell alifurahi kuliko Madamu. Unajua kwamba yeye, kwa kuwa ndugu ya Mama, ndiye anayesema neno la mwisho juu yangu, naye anataka niolewe na Kafula wa Puta, mwenye nyavu kumi na mbili. Alituma habari mbele: binti anakuja, alale kwa mama ya Kafula. Nawe unajua maana yake kwetu. Binti akilala kwa mama ya mwanamume aliyemuposa, asubuhi akashika ufagio wa uwanja wake, neno limekwisha, amekubali.

Kafula si mutu mubaya. Lakini anafyonza vichwa vya samaki, macho na vyote, anajifuta mukono gotini, kisha anakupa uushike, na mukono wake ni laini na wa baridi kama kiwavi. Mimi sijui kukataa kwa mudomo. Mutu akiniuliza jambo ninatazama miguu yake.

Basi nilipanda mashua ya Mukuka. Alipopita Kashikishi kupakia chumvi nilimwambia nina homa, anishushe kwa nyanya yetu, Kambo Eneless. Alinishusha, akaenda zake kaskazini. Homa ilikuwa ndogo. Siku ya pili haikuwapo tena. Nyumbani wanajua kwamba niliugua kwa Kambo na sikufika Puta, na hiyo ni kweli. Madamu pekee ndiye niliyemudanganya.

Na viwavi niliwapata wapi? Hapa ndipo ninaona haya kuliko pote. Chini ya nyumba ya Kambo, wanawake wanatupa matumbo ya samaki, na nyuma yake kuna matete ambamo kambi nzima ya wavuvi inakwenda kujisaidia. Matete ya hapo ni manene kama mukono wangu. Niliingia kabla ya jua kutoka, ili nisionwe, nguo nimeziinua, nikikanyaga ninachokanyaga. Karibu kila bua lilikuwa na kiwavi wake, mkubwa, aliyeshiba. Siku tisa, Yaya. Na kila jioni niliandika kwa wino: Puta.

Nijibu. Niseme kweli au ninyamaze?

Mudogo wako,
Mwaka

*

Kilwa ya Kongo, 7 Mei 1956

Mwaka, mudogo wangu mwenye haya,

Nilisoma barua yako pasi ikiwa mukononi, nikaunguza kola ya Bwana. Nimemwambia ni makaa yaliyoruka. Barua yenyewe nimeitia ndani ya pasi pamoja na makaa, imekwisha kuwa majivu, kwa hiyo tulia.

Bon. Nikuambie lililo moyoni mwangu. Kama ungelala kwa mama ya Kafula, leo ungekuwa unapaa samaki wake. Ulifanya vema kushuka. Kuhusu matete, nimecheka mpaka mupishi akaja kuuliza kama ninaumwa. Usingesema mahali hapo, ningekula chakula changu cha muchana. Makopo yale niliyabeba mimi, kifuani, kama mutoto.

Lakini kusema kweli kwa Madamu, hapana. Unamjua? Anawafunikia viwavi wako kitambaa chembamba cha tulle kilichobaki kwenye vazi lake la arusi. Anawaongelesha Kifaransa. Bwana akikohoa karibu nao anafukuzwa. Ukimwambia ulipowatoa ataanguka. Puta au Kashikishi, kiwavi ni kiwavi. Nani atakwenda kuwauliza walizaliwa wapi?

Nyamaza, upate barua yako, uende shule. Mama yangu huku anakusalimu, anasema unenepe kidogo.

Yaya wako,
Rosaria

*

Kilwa, 30 Juni 1956

Mwaka,

Nondo kumi na mmoja wametoka katika makopo ya Puta, wote wazima. Wana rangi ya jani kavu la tete, na shingoni wana manyoya kama kola ya koti. Ni jamaa ileile ninayoitafuta tangu miaka minne. Hapa Kilwa ninapata mmoja au wawili kwa mwaka, nao ni wadogo. Wako ni wakubwa na wazuri. Nimefurahi sana.

Nitaandika habari hii katika jarida la wataalamu, huko Ulaya. Kwa hiyo unijibu kwa uangalifu. Maji ya mahali pale yakoje? Kuna nyumba za watu karibu? Matete hukatwa? Ulilala Puta usiku ngapi, tarehe gani mpaka tarehe gani? Mimi ninadhani jamaa hii hukimbia watu na kutafuta maji safi, na kwamba ndiyo sababu hapa wamekwisha. Lakini ni wewe uliyeona. Usiandike ninachodhani, andika ulichokiona.

Unakumbuka niliyokufundisha siku ya kwanza: mududu bila karatasi yake ni takataka. Karatasi ndiyo inamwambia mutu wa Ulaya mududu huyu ni nani na aliishi wapi.

Barua kwa Masista nitaiandika habari yetu ikiisha kupigwa chapa, ili niwaonyeshe jina lako.

O. Delvigne

*

Nchelenge, 15 Julai 1956

Kwa Madamu Delvigne,

Salamu kwa heshima. Nimepokea barua yako. Majibu ni haya.

Maji ya mahali pale ni safi, mutu anaona muchanga chini. Hakuna nyumba karibu. Watu hawaendi pale. Matete hayakatwi, ni mengi na ni manene. Hakuna harufu yoyote. Nililala Puta usiku tisa, toka tarehe 9 Aprili mpaka tarehe 18.

Nimefurahi kwamba nondo ni wazima.

Mwaka

*

Nchelenge, 10 Februari 1957

Yaya Rosaria,

Uliuliza nani atakwenda kuwauliza viwavi walizaliwa wapi. Nikuambie nani.

Jumatano Bayama Fanwell alipokea bahasha yangu sokoni Kashikishi. Ndani kulikuwa na karatasi za chapa, nzuri, nyeupe, na picha ya nondo, na jina langu limepigwa mustari na Madamu kwa kalamu nyekundu. Bayama alivimba kwa fahari. Hakungoja kuileta nyumbani. Alimwita Kasonde muuza chumvi, anayejua Kifaransa, akamsimamisha juu ya sanduku la samaki. "Soma, wasikie mutoto wangu anaandikwa Ulaya."

Kasonde akasoma, akigeuza kwa Kiswahili, na wanawake wakigeuziana kwa Kibemba. Kwanza walipiga vigelegele. Nondo wanaishi Puta, katika maji safi, mbali na watu. Halafu akasoma: "Walikusanywa na Matmazeli Mwaka, aliyekaa Puta usiku tisa, mwezi wa Aprili."

Muuza mihogo mmoja akasema, "Mwezi wa Aprili si ndipo alipougua kwa nyanya yake?"

Mwingine akasema, "Homa ilimpanda huku, ikamshukia Puta."

"Na alilala kwa nani huko?"

"Kwa nondo."

Walicheka sana. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia, Yaya, nimekuja kumtafutia Mama mafuta ya mawese, nikisikia kila neno.

Bayama alituma mutu Puta siku ileile. Jibu la mama ya Kafula lilirudi jana: "Kwangu hakulala. Mukeka niliomtandikia ulingoja mpaka muchwa wakaula. Alikolala anakujua mwenyewe, na sisi hatutaki tena." Basi Kafula amekwisha. Ulikuwa ndio muradi wangu, lakini sikutaka umalizike hivi.

Kambo Eneless alitembea kwa fimbo yake kutoka Kashikishi kuja kunitetea. Akakaa chini mlangoni, akasema, "Alikuwa kwangu. Nilimpikia uji. Alitoka asubuhi na mapema na kurudi ananuka, nikamwambia anawe."

Bayama akamujibu, "Mama, wewe ungemuficha hata kama ameua mutu. Muzungu ana faida gani ya kudanganya juu ya kulala kwa Mwaka? Hii ni chapa."

Nilisema kweli nyumbani, nikasema uwongo Ulaya, na uwongo ndio uliorudi na chapa.

Lakini siandiki kwa ajili yangu. Ninaandika kwa ajili ya Mukuka. Wameamua kwamba nilikwenda naye mpaka Puta na kulala naye chini ya tanga la mashua. Anasema, "Nilimshusha Kashikishi, kwa nyanya yake, mwulizeni." Wanamwambia hata nyanya amenunuliwa chumvi. Muke wake Olipa amechukua watoto wote watatu, amerudi kwa mama yake. Jana nilimwona Mukuka pwani akijifulia nguo mwenyewe. Wanaume walikuwa wakimwita Bwana Nondo. Aliniona, akainama, akaendelea kufua. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nimejichoka, Yaya. Zamani nilikuwa ninaona kinyaa mikononi tu.

Leo ninamwandikia Madamu kila kitu. Mustari mmoja wake kwa Bayama, kwamba karatasi ilikosea, utamrudisha Olipa nyumbani. Kama ataninyima barua ya shule, ataninyima.

Mwaka

*

Nchelenge, 10 Februari 1957

Kwa Madamu Delvigne,

Ninaomba msamaha kabla ya yote. Viwavi wa makopo sita hawakutoka Puta. Mimi sijafika Puta maisha yangu yote. Niliogopa kulala huko kwa sababu ya mwanamume aliyetaka kunioa, nikashuka Kashikishi kwa kambo yangu.

Viwavi walitoka katika matete ya Kashikishi, mahali watu wa kambi wanapojisaidia na kutupa matumbo ya samaki. Maji ni machafu. Harufu ni kubwa. Kadiri panavyokuwa pachafu ndivyo mabua yanavyonenepa na ndivyo viwavi wanavyokuwa wengi. Niliona haya kuandika hivyo ulipouliza, nikaandika kinyume chake. Kila jambo nililoandika katika barua ya Julai uligeuze, utapata kweli.

Sasa mutu asiye na kosa, Mukuka mwenye mashua, ameachwa na muke wake kwa sababu ya usiku tisa ulioandikwa. Ninakuomba umwandikie Bayama Fanwell mustari mmoja tu, kwamba sikulala Puta. Anajua kusoma Kiswahili.

Uliniambia niandike nilichokiona. Nimekiandika sasa.

Mwaka

*

Kilwa, 4 Machi 1957

Mwaka,

Nimesoma barua yako mara moja, na haitasomwa mara ya pili. Nimeichoma.

Sikuamini kwamba viumbe niliowaangalia kwa miezi miwili, niliowashika kwa vidole vyangu, walitoka mahali unapopataja. Na hata kama ni hivyo, mahali pa namna hiyo hapaandikwi. Wataalamu watatu wamenitumia pongezi kwa yale niliyosema juu ya maji safi. Mmoja ni mwalimu wa chuo kikubwa. Puta imekwisha kupigwa chapa, na Puta itabaki Puta.

Mambo ya mjomba wako na ya mutu wa mashua ni mambo ya nyumbani kwenu, mimi siyaingilii.

Mimi ninatimiza ahadi. Ndani ya bahasha hii kuna barua kwa Masista wa Elisabethville. Nimewaambia wewe ni binti mwaminifu na mwangalifu katika kazi. Utakwenda baada ya Pasaka. Nikisikia kwamba habari ya Puta imeanza kugeuka katika midomo ya watu, nitawaandikia barua nyingine.

Sitahitaji viwavi tena.

O. Delvigne

*

Kilwa ya Kongo, 18 Machi 1957

Mudogo wangu,

Sijui Madamu amekuandikia nini, lakini nimeona alichofanya, nikuambie.

Siku ile ya barua yako aliitia motoni mwenyewe. Halafu alinawa mikono. Alinawa, akajifuta, akatazama mikono, akanawa tena. Akaniita nimwage maji ya Javel, yale ya kutoa madoa, juu ya meza ya nondo na kusugua mpaka rangi ikatoka. Makopo yote akataka yatupwe ziwani. Nikadhani sasa atawatupa na nondo. Nikachukua lile sanduku la kioo, nikauliza, "Na hawa, Madamu?"

Akanipiga mukono. Ndiyo, alinipiga. "Hao ni wa musée, wa makumbusho ya Ulaya," akasema. "Usiwaguse ila kwa brashi."

Basi ninawapangusa vumbi kwa brashi kila Jumamosi kama zamani, kumi na mmoja katika mistari miwili, kila mmoja na karatasi yake chini: Puta, Puta, Puta. Sanduku linaondoka kwenda Ulaya Jumanne baada ya Pasaka.

Mwaka, ni mimi niliyekuambia unyamaze. Nililisema neno hilo nikicheka, na sasa muke wa mutu analala kwa mama yake. Sijui kuomba msamaha kwa barua. Chukua barua ya Masista uende. Usirudishe kitu. Tumekwisha kulipa, mimi kwa kofi na wewe kwa jina lako.

Rosaria

*

Nchelenge, 13 Aprili 1957

Yaya Rosaria,

Si mimi niliyelipa, ni Olipa na Mukuka.

Nilikaa na bahasha ya Madamu majuma manne chini ya mukeka wangu. Kila nikilala nilikuwa ninajua iko upande gani. Mwaminifu na mwangalifu. Usiku mmoja niliota ninaifungua na ndani kumejaa ile tumbako ya matete.

Juzi nilikwenda kwa mama ya Olipa. Nilimkuta Olipa anatwanga. Hakuacha kutwanga.

"Umekuja kunionyesha tumbo?" akauliza.

Nilitazama miguu yake. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, "Nimekuja kukupeleka chooni."

Aliacha kutwanga.

Tulitembea mpaka Kashikishi, mimi mbele, yeye nyuma, kama mufungwa na askari wake. Chini ya nyumba ya Kambo nilivua viatu, nikaingia kwenye matete, nikakata mabua matano, nikatoka. Nikayapasua mbele yake juu ya jiwe. Katika manne kulikuwa na viwavi. Mmoja alinitapikia kama kawaida yake. Olipa akaziba pua kwa kitambaa.

"Hapa ndipo Puta," nikamwambia. "Nilikuja hapa siku tisa. Bwana yako alinishusha akaenda, sikumwona tena mpaka Mei."

"Maneno hayo amekwisha kuyasema yeye," akajibu. "Unadhani wewe una mudomo mzuri kuliko wake?"

Ndipo nikampa barua ya Madamu, ile aliyoniandikia mimi, si ya Masista. Anajua kusoma kidogo, kwa Biblia ya Kibemba, na Kiswahili anakielewa kwa biashara. Hakutaka nimsomee. Aliweka kidole juu ya kila neno, akatamka kwa sauti, polepole sana, nzi wakitutambaa. Alipofika "Puta itabaki Puta" alirudi nyuma, akaisoma tena. Alipofika "mambo ya nyumbani kwenu" alitema mate kando, si juu yangu, kando.

"Kwa hiyo anajua," akasema.

"Anajua."

"Na wewe ulijua kabla yake."

"Nilijua."

Alikunja barua vizuri, akanirudishia. "Mukuka nilimjua si mwongo," akasema. "Niliwasikiliza watu kwa sababu ya ile chapa. Wewe ndiye sikukujua. Wewe, tukikupita njiani, tulikuwa tunasema: yule mutoto hana hata kivuli."

Nilimwambia aichukue barua, ampelekee Bayama, asome mbele ya soko lote kama walivyosoma ile nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuamua hivyo tulipokuwa njiani. Alifikiri. Akaniuliza shule ni ya kazi gani. Nikamwambia, kuzalisha wanawake.

"Mutoto wangu wa mwisho alitoka miguu kwanza," akasema. "Kulikuwa na bibi mmoja tu, haoni vizuri." Akawatazama viwavi waliokuwa wakijikunja juani. "Nenda zako. Mimi nitarudi kwa bwana yangu kesho, na watu watajiuliza kwa nini. Waache wajiulize. Lakini siku moja, ukirudi, utasimama juu ya lile sanduku la samaki na kusema mwenyewe. Sitakusaidia siku hiyo."

Nilimpa neno langu. Jana nimeona moshi katika nyumba ya Mukuka, na mutoto wao mdogo akikimbiza bata.

Sasa unielewe vizuri, usinisifu. Nitaitumia barua ya Masista. Ninaondoka Jumatano baada ya Pasaka. Bayama bado anaamini nililala ninakokujua mwenyewe, na anafurahi kwamba ninakwenda mbali na macho ya watu. Kafula ameposa kwingine. Nimepata vyote viwili nilivyotaka, kuepuka ndoa na kupata shule, na nikivisogeza karibu na pua vinanuka. Kwa majivu haitoki, nimejaribu.

Kuna jambo moja tu ninaloweza kulifanya sasa, nalo liko mikononi mwako. Pamoja na barua hii kuna karatasi ndogo, imekunjwa ndani ya jani la kaye, daftari langu la shule. Iangalie isipeperuke, ni ndogo kama ukucha. Nimeiandika kwa ncha nyembamba ya kalamu, kama Madamu alivyonifundisha: *Kashikishi, chini ya nyumba ya Eneless, matete ya kujisaidia. Aprili 1956. Mwaka.* Nimeandika moja tu, maana kumi na moja zingeonekana.

Jumamosi kabla ya Pasaka ukipangusa vumbi, Madamu akiwa kwenye kahawa yake, fungua kioo. Chagua nondo wa mwisho, mustari wa pili, upande wa ukuta. Mushike kwa sindano, usimguse mwili, mabawa yanavunjika. Mwinue polepole. Ipitishe karatasi yangu kwenye sindano, chini ya karatasi ya Puta, usukume mpaka zishikane. Kisha mrudishe katika tundu lake lilelile. Kwa juu hataonekana na kitu. Lakini Ulaya, leo au miaka hamsini ijayo, mutu mwangalifu akimwinua aone chini, atakuta mududu huyu ana karatasi yake.

Usimwambie Madamu. Usimwambie mama yako, hata akikuuliza. Usimwambie Mukuka akija na chumvi, atakuuliza tu kama u mzima, mujibu hilo. Masista nao wasijue mpaka nitakapokuwa nimejua kazi. Anajua Olipa, ninajua mimi, unajua wewe. Barua hii, itie ndani ya pasi pamoja na makaa kama ile ya kwanza, na habari yangu uifiche, Yaya, mpaka nitakaporudi kusimama juu ya sanduku.

Mudogo wako,
Mwaka